Naomba Uinamishe Kichwa, Mzee

Kijitabu kilichokuja na mashine yetu ya kunyolea kimejaa picha za Mzungu mmoja mwenye nywele zilizolala. Kwenye picha ya kwanza nywele zimechanwa kuelekea chini. Kwenye ya pili anatabasamu. Kwenye ya mwisho bado anatabasamu, ila nywele zimepungua. Humo hamna picha ya mtu mwenye kipilipili wala ya mtu mwenye kichogo. Hamna picha ya umeme kukatika, na wala hamna ukurasa unaoeleza namna ya kumwambia baba mkwe wako ainamishe kichwa. Yote hayo ilibidi tujifunze wenyewe hapa Mbagala, chini ya mwembe, kwenye vichwa vya watu tunaowapenda.

Hesabu ya kununua mashine aliipiga mke wangu, na kwenye karatasi haikuwa na kasoro. Saluni ya mtaani kwetu kichwa cha mtu mzima ni shilingi 2,000 na cha mtoto 1,000. Nyumbani kuna mimi, wavulana watatu, na mdogo wake mke wangu, aliyekuja Dar kutafuta kazi na ambaye mpaka leo anaitafuta kwa utulivu mkubwa. Wavulana hawana hiari ya kufuga. Jumatatu mwalimu wa zamu husimama getini, na macho yake hutua kichwani kwanza ndipo yashuke kwenye viatu. Juu ya hayo, kitinda mimba wetu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua mapunye. Aliyapata wapi hatujui, ingawa mama yake anaapa ni kwenye mashine iliyopita nusu ya vichwa vya mtaa bila kuonja spiriti. Mapunye ni fangasi, na fangasi hao huingia hadi kwenye shina la unywele, ndiyo maana dawa ya kupaka peke yake haiwamalizi. Mtoto alimeza vidonge kwa majuma kadhaa, na kila alipomeza kimoja mama yake aliirudia ile hesabu kwa sauti.

Tukaenda Kariakoo. Muuzaji aliichomeka mashine ukutani, ikanguruma, akaipitisha kwenye mkono wake mwenyewe kutuonyesha kwamba haing'ati. Mkono haukuwa na hata unywele mmoja kuanzia kiwiko hadi kiganja, kwa kuwa ndio huo uliokuwa umeuza mashine zote za duka lile. Mteja mwenye akili angeuliza habari za mkono wa kushoto. Sisi tuliuliza bei.

Ndani ya boksi mlikuwa na mashine, brashi, kichupa cha mafuta, kile kijitabu, na vichana vinne vya plastiki. Kichana namba moja huacha nywele za milimita 3, namba mbili milimita 6, namba tatu milimita 10 na namba nne 13 hivi. Ukivua kichana ukanyoa na meno matupu, hiyo ndiyo sifuri. Ukiwa namba nne unaweza kubadili mawazo ukateremka hadi mbili. Ukishagusa sifuri, mawazo hubaki na wewe mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kufungua vitu, kwa hiyo usiku ule ule niliifungua. Ndani mna koili, kipande cha chuma na springi, basi. Umeme wetu hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Kila unapobadilika koili hukivuta kile chuma, springi hukirudisha, na chuma kimeshikana na safu ya juu ya meno inayocheza kushoto na kulia juu ya safu ya chini isiyotembea. Unywele ukiingia katikati umekwisha. Mmarekani mmoja, Leo Wahl wa mji wa Sterling, Illinois, aliomba hataza ya mashine yake ya umeme ya kunyolea mwaka 1919. Kabla ya hapo alikuwa akiwapelekea vinyozi mashine za kukandia mwili, na huko saluni ndiko alikoona walivyokuwa wakitaabika na vifaa vyao. Nimelipenda sana jambo hili, kwa sababu saluni za Dar siku hizi ukishanyolewa unakandwa kichwa, mabega, hadi vidole, unapigwa skrabu, unafunikwa taulo la moto, na bei ya huko kukandwa inaipita mbali bei ya kunyoa. Mashine imezunguka dunia miaka 100 ikarudi kwenye biashara iliyoizaa.

Nilipoirudisha mifuniko yake ilibaki skrubu moja, lakini ilinguruma vizuri tu.

Wateja wa kwanza walikuwa wanangu. Saluni ina kiti kinachopanda na kushuka. Sisi tuna kiti cha plastiki na ndoo ya lita ishirini. Mtoto hukaa juu ya ndoo, mtu mzima hukaa kitini, na kinyozi hupiga magoti panapohusika. Umeme hutoka sebuleni kwa ekstensheni inayopita dirishani. Shingoni tunafunga kanga ambayo mama watoto ameshaikatia tamaa.

Kijitabu kinasema uanze kwa kufuata nywele zilikolala. Zetu hazilali. Shina la unywele wa kipilipili limepinda tangu ndani ya ngozi, na unywele wenyewe ni bapa kidogo, kwa hiyo hujikunja, na kila pembe ya kichwa ina uamuzi wake. Ukipandisha mashine kisogoni zinakatika. Ukihamia panjani zinainama kwa adabu, zinapita chini ya kichana, na ukishapita zinasimama tena. Utosini zinazunguka, na hapo hata ukizunguka nazo zinakutangulia. Mtoto wa kati alitoka na madoa. Mimi niliyaita kivuli. Mwalimu wa zamu aliyaita uzembe.

Kifungua mimba, ambaye ameanza kujitazama kwenye vioo vya madirisha ya magari, alitaka fedi. Alinionyesha picha ya mchezaji mpira kwenye simu: chini ngozi tupu, juu nyeusi, na katikati hakuna mtu awezaye kusema rangi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Nikaanza chini. Upande wa kulia fedi ilipanda ikasimama juu ya sikio. Upande wa kushoto ilipanda ikaendelea na safari. Nikaupandisha wa kulia ili ulingane na wa kushoto, nao ukapitiliza. Nikarudi kushoto. Ukitazama kila upande peke yake kazi ilikuwa safi, na msimamo wangu juu ya hilo haujabadilika. Tatizo la kichwa ni kwamba pande zake hukutana juu. Zilipokutana, kilichobaki katikati kilikuwa kiduku kamili. Kijana alikifurahia kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu saa moja kasoro robo asubuhi, pale getini.

Hapa sina budi kumtaja jirani. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi. Anayeujua utani wa makabila haya mawili, ulioota enzi za misafara iliyoshuka kutoka Tabora kuja pwani, anajua kwamba mtu huyo hahitaji mwaliko wala hawezi kufukuzwa. Akiisikia mashine inanguruma anakuja na kigoda chake, anakaa mahali anapoona vizuri, anaanza.

“Mnyamwezi, huyo mtoto unamnyoa au unamlima?”

Au: “Usimalize matuta yote leo, mvua bado.”

Na mteja anaposhuka kwenye ndoo, hata awe ametoka salama, jirani humwita, humgeuza kichwa taratibu huku na huku, humpa shilingi 200 mkononi na kumwambia: “Pole baba. Kanunue karanga.”

Mashine yenyewe ina tabia zake. Ikinyoa kwa muda meno yanapata moto, na mteja hujua kabla ya kinyozi. Safu ya juu ya meno inatakiwa ikae nyuma kidogo ya safu ya chini, chini ya milimita moja. Ikisogea mbele inakata ngozi, na mimi baada ya kuifungua ile mara ya kwanza niliirudisha kwa macho. Aliyepokea matokeo ni shemeji yangu, kwenye ncha ya sikio. Kisha kitinda mimba, ambaye moyo wake ni wa kusaidia, aliona kichupa cha mafuta kimekauka akakijaza mafuta ya nazi ya mama yake. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ilikuwa asubuhi ya kipupwe, Julai. Mashine ikaguna bila kusogeza jino. Tukaianika juani. Ilipoyeyuka ilifanya kazi vizuri kuliko siku zote, ila kila mtu aliyenyolewa siku hiyo alinukia wali, na wa kati alifuatwa na paka hadi dukani.

Shangazi yake mke wangu aliyeko Marekani alisikia habari zetu akatutumia mashine yake, nzito, ya chuma kitupu, ya volti 120. Ukutani kwetu mna 230. Ilitoa sauti ambayo sijaisikia tena, ikang'oa kitu kidogo kisogoni kwa shemeji, ikatoa harufu, ikanyamaza. Siku hizi inazuia mlango wa stoo.

Msomaji atakuwa anajiuliza mimi mwenyewe nanyolewa na nani. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishalimaliza hilo. Mke wangu alijitolea, lakini siku aliyojitolea tulikuwa hatujaelewana vizuri kuhusu ada ya shule, na alivyoishika ile mashine sikuona dalili ya upole. Kwa hiyo huwa nakwenda Temeke, kwenye saluni ambayo hakuna anayenijua, na fedha yake huingia kwenye daftari la nyumbani kwa jina la nauli. Mfumo huu uliendelea vizuri hadi jioni moja mke wangu aliponikaribia, akavuta pumzi, akasema: “Baba watoto, siku hizi daladala wanapaka aftashevu?”

Lakini ni shemeji aliyenifundisha kinyozi anauza nini hasa.

Shemeji ni Yanga, mimi ni Simba, na kwa kawaida hatuwezi kumaliza kikombe cha chai bila mmoja kuondoka mezani. Niligundua kwamba nikiwa na mashine mkononi shemeji huwa mpole mno. Husema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Simba mwaka huu wamesajili vizuri. Jumamosi moja jioni alikuwa na miadi na binti wa Kijichi. Nikaanza upande wa kushoto, nikaumaliza, na ulikuwa safi. Nilipouweka mkono upande wa kulia umeme ukakatika.

Tukangoja. Giza likaingia. Jirani akawasha tochi ya simu, akamulika kushoto, akamulika kulia, akatoa ushauri: “Mkalishe binti kushoto kwako, na akikuita usigeuke.”

Shemeji alivaa kofia yake ya Yanga akaenda saluni yenye jenereta, barabarani. Alivyosimulia mwenyewe aliporudi, ndani kulikuwa na watu wengi, mpira kwenye televisheni, na ubishi umekolea. Alipokalia kiti kinyozi akamvua kofia, akasimama. Akaomba televisheni ipunguzwe sauti. Kisha akauliza, kwa sauti ya daktari anayetaka kujua ajali ilikuwa ya pikipiki au ya basi:

“Nani kakunyoa?”

“Shemeji yangu.”

Wateja wote wakasema pole. Mzee mmoja akauliza kama kuna ugomvi wa kiwanja. Na bei ikawa kubwa kuliko ya kawaida, kwa sababu, alielezwa, kunyoa ni bei nyingine na kutengeneza ni bei nyingine.

Ile elfu mbili ya saluni, basi, si ya nywele. Ni ya ugeni. Kinyozi humshika mtu kidevu akakigeuza, akamkandamiza utosi, akamwambia nyamaza, na mteja akatii hata kama ni mkuu wa idara, kwa sababu pale hakuna mkubwa wala mdogo wala mkwe. Na akimharibu, mteja anahama saluni, shauri limekwisha. Shemeji hahami. Shemeji anakula na wewe usiku ule ule, amekuelekezea upande ule ule. Miaka ikipita, ukoo utakaa kikao kujadili jambo lisilohusiana kabisa na nywele, labda nani awe mweka hazina, na jina lako likitajwa mtu atakohoa aseme, “Si ndiye yule aliyemnyoa mwenzake nusu?”

Nikiwa nimeshalijua hilo, akaja baba mkwe.

Alitoka Muheza kwa ajili ya kikao cha mahari. Binti yake wa mwisho, anayefanya kazi hapa Dar, alikuwa amechumbiwa. Upande wa muoaji wanakaa Kigamboni, na ikaonekana ni rahisi wazee wakutane kwetu siku ya Jumapili. Mzee aliingia Ijumaa na kikapu cha machungwa na mvi zake. Mvi zile ni mali ya ukoo. Ni nyingi, nyeupe, na zina njia iliyochongwa upande wa kushoto kwa mtindo wa vijana wa zama za uhuru. Nimeona watu wazima wakipunguza sauti kwa sababu tu ya zile mvi. Jumamosi asubuhi akasema angependa apunguzwe kidogo pembeni, ila saluni hapendi, vijana wanaweka muziki. Mke wangu, ambaye nilikuwa nikimkonyeza kwa macho yote mawili, akasema:

“Baba, si tunayo mashine?”

Mtu asiyekuwa na wakwe hataelewa. Mimi na mzee huyu, tangu nimuoe binti yake, hatujawahi kukaa kwenye kochi moja. Huwa tunaamkiana: shikamoo baba, marahaba, habari za kazi, njema baba, mvua je, zipo zipo. Kisha sote wawili tunautazama mwembe. Kichwa chake nilikuwa sijawahi hata kukikazia macho. Sasa nimemfunga kanga ya binti yake shingoni, nimesimama nyuma yake na kitu kinachonguruma, na natakiwa nimguse.

“Naomba uinamishe kichwa, mzee.”

Hakujibu.

“Baba, samahani. Kichwa.”

“Kimefanya nini?”

“Kiiname kidogo.”

“Kimwinamie nani?”

Jirani, kwenye kigoda chake, alijikunja kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Nilichomeka kichana namba nne, kilichokuwa kimepasuka kishikio na kufungwa kwa mpira wa bahasha, nikazunguka mbele, nikachuchumaa, nikaanza kunyoa kichwa kilichosimama wima. Polepole mzee alilegea. Sijui ni ule mngurumo au kivuli cha mwembe, lakini kufika upande wa kulia kichwa kilikuwa kimeanza kuja mkononi chenyewe. Hapo, juu ya sikio, chini ya mvi, nikaliona kovu. Refu, limepinda, la zamani sana.

“Baba, hapa uliumia?”

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akanena kwa sauti ya chini.

“Fenesi.”

Ilikuwa mwaka wa uhuru, 1961, akiwa mtoto wa miaka kama kumi. Jirani wa baba yake alikuwa na mfenesi, na mfenesi ulikuwa na fenesi moja lililoshinda yote, limebebwa na shina, linanukia hadi barabarani. Kwa majuma mzee yule alikuwa akiligonga kwa vidole kila asubuhi kusikiliza kama limeiva. Baba mkwe wangu na rafiki yake walikwenda usiku. Rafiki akabaki chini kulipokea. Fenesi lile uzito wake haukuwa wa mtoto kulipokea, na rafiki alilijua hilo lilipokuwa limeshaachia, akakimbia. Likatangulia fenesi, likapasuka. Akafuata baba mkwe, akaangukia kando, kichwa kwenye wigo wa miti. Akanyanyuka akikimbia, ananuka fenesi, damu inamtoka, utomvu umemganda hadi kwenye nyusi.

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Alikuwa anacheka peke yake, mabega yanapanda na kushuka chini ya kanga. Nikamuuliza nyumbani aliwaambiaje.

“Niliwaambia ni...”

“BABA!” Sauti ilitoka dirishani, pale pale inapopita ekstensheni. “Si ulituambia ni chui?”

Nataka jambo moja lieleweke na ndugu wote watakaosoma hapa. Mkono wangu haukusogea. Kilichosogea ni kichwa. Kiligeuka dirishani ghafla, chote, kwa kasi ya mtu aliyefumaniwa baada ya zaidi ya miaka sitini, kile kichana namba nne kikachomoka, kikarukia mchangani, na meno matupu yakapita kutoka sikioni hadi utosini, katikati ya mvi za ukoo.

Hakuna aliyesema neno. Mashine peke yake iliendelea kunguruma.

“Mwendokasi,” jirani akasema kwa heshima kubwa, “imefika Muheza.”

Mzee alitoa mkono chini ya kanga, akapeleka kidole juu ya sikio, akaifuata barabara ile kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Akarudi nayo. Kisha akauliza, bila hasira:

“Hii ndiyo namba nne?”

“Ilikuwa nne, baba.”

“Na sasa?”

“Sifuri.”

Alifikiri. “Basi zote ziwe sifuri. Mtu hawezi kwenda kusikiliza mahari ana namba mbili kichwani.”

Nikamaliza. Mvi zilidondoka kwenye kanga, mke wangu akatoka, akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akarudi ndani. Usiku ule nililetewa chakula bila kusemeshwa. Mzee alikula vizuri, akiwasimulia wajukuu zake habari za chui.

Jumapili saa nne wageni wakafika: mshenga, wazee wawili na mama mmoja wa makamo. Walikuwa wamejiandaa, mshenga alikuwa na bahasha mfukoni na uso wa mtu aliyekuja kubishana. Wakavua viatu, wakaingia, wakamkuta baba mkwe amekaa kwenye kochi kubwa, kanzu nyeupe, kipara kinachong'aa kipya kabisa, na kwa kuwa alikuwa hajakizoea alikaa kimya na kuinama kidogo. Sasa, kwenye makabila mengi ya kwetu mtu mzima hanyoi kichwa chote hivi hivi. Hunyoa akifiwa. Wageni wakatazamana. Mshenga akaitoa bahasha, akairudisha mfukoni, akaketi ukingoni mwa kiti.

“Wazee wetu,” akasema taratibu, “poleni sana na msiba.”

Nilifungua mdomo. Baba mkwe aliniwahi.

“Tumeshapoa,” akajibu. Na hapo akainamisha kichwa, mpaka kidevu kikagusa kifua, vizuri kabisa, vile vile nilivyomwomba jana yake nikakataliwa.

Kosa lingeweza kurekebishwa hata wakati huo. Lakini jirani, ambaye alikuwa amejikaribisha kama mwanafamilia, tayari alikuwa ameshika tama pale kona ya sebule na kutikisa kichwa. Huko jikoni mke wangu alikuwa amesikia kila neno, akajiziba mdomo kwa kanga ili asicheke, na kilichovuja kilikuwa na mitetemo ambayo kwa mtu aliyeko sebuleni ilikuwa ni kilio kitupu. Yule mama wa makamo akanyanyuka, akaenda kumbembeleza. Alimkuta ameegemea friji, machozi yanamtoka kweli. Alimkumbatia muda mrefu, na mke wangu anasema hayo ndiyo yaliyokuwa mateso makubwa kuliko uchungu wa uzazi wa watoto wote watatu.

Baba mkwe akataja mahari. Aliitaja kamili, ile ya kuanzia, ile ambayo kila upande unajua imetajwa ili ipunguzwe. Mshenga akamnong'oneza mzee wa kulia, mzee wa kulia akamnong'oneza wa kushoto, wote wakakitazama kipara.

“Kwa hali mliyonayo,” akasema mshenga, “sisi hatuna maneno mengi. Tumepokea kama mlivyosema.”

Hawakukaa hata saa nzima. Walipokuwa wakivaa viatu mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ndogo marehemu alikuwa nani. Nikamwambia, na sikusema uongo, kwamba alikuwa wa makamo ya mzee, ameheshimika sana, na ameondoka ghafla mikononi mwangu.

Bwana harusi sasa ni ndugu yetu kamili na mpaka leo sina hakika nani ameshamwambia nini. Akisoma hapa, ajue kwamba nyumbani kwetu atanyolewa bure maisha yake yote.

Mwezi uliopita baba mkwe alinipigia simu kutoka Muheza. Nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za kazi na za mvua, na nilipokuwa natafuta mwembe wa kutazama akaendelea.

“Mwanangu, mjukuu wangu wa Korogwe naye ameposwa. Wageni wanakuja tarehe ishirini.”

“Hongera, baba.”

“Nywele zimeota tena. Ile mashine bado unayo?”

“Ninayo, baba.”

“Na kile kichana kibovu, cha nne?”

“Tulikitupa, baba. Kilipasuka kabisa.”

“Si neno,” akasema. “Safari hii hatukihitaji.”